Nyumba Kumi na Tisa ya Mudomoni

Jumatatu, 3 Machi

Moshi tangu asubuhi kwenye furu, tanuri yangu ya samaki. Kuni iko na maji ndani. Samaki haikauki, inajipika tu. Mwenye parsele, kiwanja ninachopanga kando ya kambi yetu, amepita mara mbili kusema moshi inaingia kwake. Nikamwambia furu ya samaki haitoi marashi. Hakucheka. Nitahamisha furu nyuma ya choo, na huko upepo utapeleka moshi kwa jirani, naye atakuja pia. Bunia ni vile. Kila moshi iko na mutu wa kulalamika.

Kwetu Mudomoni, pale muto unaingia ziwani, hakuna aliyelalamika. Upepo wa ziwa ulikuwa unachukua moshi yote na kuipandisha mulima. Nilikuwa na furu tatu. Ya kwanza nilijenga kwa mikono yangu, mwaka ule baba ya mutoto wangu Dieumerci alipoenda Mahagi kwa bibi mwingine. Ya pili na ya tatu ilijengwa na samaki yenyewe.

Prezida wa wavuvi alipita sokoni. Keshokutwa mukutano, sale ya paruasi, ukumbi wa parokia. Iko sheria mupya juu ya midomo ya mito, mahali muto unaingia ziwani ao baharini. Kulinda na kurudisha, ndivyo alivyosoma kwenye karatasi. Kurudisha nini? Siye? Hakujua. Nitaenda.

Jumatano, 5 Machi

Sale ilijaa. Deplase wote wa pwani ya ziwa, siye tuliokimbia vita, walikuja, hata wale wenye hawakuwahi kushika nyavu.

Enjeniere wa serikali, mwenye kuleta sheria, ni kijana, ametoka Kinshasa. Kiswahili yake ni ya kutafuta-tafuta, lakini hakujificha nyuma ya Kifaransa. Sheria iliandikwa kwanza kwa ajili ya mudomo wa muto Kongo, kule Muanda, kwenye bahari na mikoko. Walikata mikoko, samaki ikapungua, bahari ikaanza kula nchi. Sasa sheria inafika hata kwenye maziwa. Kwetu hakuna mikoko. Kwetu ni matete na mafunjo. Anasema kazi ni moja: mule ndani samaki inazalia, mule ndani inakomalia. Siye tuliikata kama wale wa Muanda. Matete inawasha moto haraka.

Kifungu kimoja kilinisimamisha masikio. Mahali wakaaji ni wachache, wanapanda vigingi vya mupaka metre mia moja kutoka maji, na mwenye alikuwa na nyumba ndani anaweza kurudi. Mahali wakaaji ni wengi, metre mia tatu, na harudi hata mumoja.

Kurudi. Ni mara ya kwanza nasikia neno hilo kwenye kinywa cha mutu wa serikali.

Kisha akauliza: "Ninyi wa Mudomoni, nani alikuwa na nyumba palepale kando ya maji? Nyoosheni mukono."

Sale yote ikanyoosha.

Yote. Mama Zawadi alinyoosha. Duka yake ilikuwa juu kule, kando ya barabara, karibu na shule, mahali hata harufu ya samaki ilikuwa inafika imechoka. Akanyoosha wake, kisha akamunyanyulia mama mukwe wake mukono, maana muzee yule hasikii.

Najua kwa nini. Hapa kwenye site, kambi yetu ya deplase, kila mutu anayeuliza swali anakuja na gari, na gari iko na kitu nyuma. Mwenye aliumia zaidi anapata bashi ya kwanza, ile turubai ya kuezekea, sabuni ya kwanza, unga ya kwanza. Miaka sita tumefundishwa vile. Mutu akiuliza nani, unanyoosha. Hungojei kujua swali ni ya nini.

Enjeniere akatazama mikono, akaandika. Watu walitoka wakiulizana bashi itagawiwa siku gani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimehesabu tena nikigeuza samaki. Kuanzia upande wa muto: mimi, Prezida, mapacha wawili wenye kutengeneza mitumbwi, kisha wengine mpaka kwenye kichanga ambapo tulikuwa tunaanika nyavu. Nyumba kumi na tisa. Ningekuwa kipofu ningehesabu kwa harufu, kila mulango na chakula yake. Siku ile mikono ilipita mia mbili.

Kumi na tisa ni wachache. Mia mbili ni wengi. Mutoto wa darasa ya pili anaweza kufanya hesabu hiyo. Siye wenyewe tumejifungia mulango, tena tukicheka.

Nilienda kwa Prezida. Alikuwa anasuka nyavu ambayo hana pa kuitupa. Naye nyumba yake ni ya pili baada ya yangu, kwa hiyo nilifikiri ataruka kwa hasira. Hakuruka. Alisema tukisema watu walidanganya, site yote itaitwa ya waongo, na gari ya unga haitasimama tena. Alisema watu watanikula. Nikamwambia niko na mifupa mingi. Akarudia nyavu yake.

Nimekasirika. Si juu yake tu.

Jumapili, 9 Machi

Misa. Sikusikiliza.

Ninachotaka ni kidogo. Kuamka, kufungua mulango, na maji iko pale. Si kuchota, si kuvua, iko tu pale, na upande wa kushoto mstari ule ambao muto wa matope unakutana na ziwa. Rangi mbili bega kwa bega, muda murefu, mbele moja haijakubali kuingia kwa nyingine. Nilikuwa napiga meno muswaki nikitazama mstari ule. Bunia natazama ukuta wa mwenye parsele.

Dieumerci alikuja kula. Anaendesha moto, pikipiki ya kubeba watu, anapata maisha yake, anaheshimu watu. Nikamwambia habari ya sheria. Akasema, "Mama, kule kuna nini? Mbu. Kwetu ni hapa." Alikuwa na miaka kumi na mumoja tulipokimbia. Hakusema kwa ubaya. Njo maana iliniuma. Alikuwa anatafuna samaki yangu ya kapiteni na kuniambia kwetu ni hapa.

Jumatano, 12 Machi

Mukutano wa pili. Walibandika karte, ramani ya ziwa, ukutani. Midomo ya mito ya upande wetu wa ziwa imechorwa duara ya kijani. Duara ndogo ni metre mia moja. Ya kwetu ilikuwa kubwa kama sahani. Mia tatu. Enjeniere alisoma sababu: wakaaji wengi sana kando ya maji.

Nikasimama. Sikuomba neno.

Nilisema Mudomoni ilikuwa na nyumba kumi na tisa. Nikazitaja zote na majina ya mama wa kila nyumba. Nikasema wengine walikuwa juu, watu wa heshima, majirani, lakini juu.

Kelele. Mumoja nyuma akasema, "Huyu anatuhesabu kama samaki ya kuoza." Watu wakacheka. Mwingine akauliza serikali imenipa ngapi. Mama Zawadi ndiye alisimama. Hakupandisha sauti, na ilikuwa mubaya zaidi.

"Mama Dieumerci, weye ulikimbia, na mimi nilikimbia. Tulipita barabara moja. Leo umeona vizuri nani alikuwa karibu na maji?"

"Naona vizuri sana. Tukibaki mia mbili, harudi hata mutu mumoja."

"Basi tubaki wote. Kwa nini urudi weye peke yako?"

Niliketi.

Enjeniere alingoja sale inyamaze. Alisema hataandika tena kitu kutokana na mikono. Wataenda kuona mahali penyewe, barabara ikiruhusu, pamoja na wajumbe watatu: Prezida, mimi, na mumoja wa juu. Watu wakamuchagua Mama Zawadi. Walimuchagua kwa makofi, wakinitazama mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya posho, Jumamosi ya soko. Beseni ilienda imejaa, ilirudi imejaa. Wanawake wa site walipita mbele ya meza yangu wakiongea habari ya mvua. Mwenye kununua kwangu kila posho alinunua kwenye meza ya pili, samaki mbovu, naye alijua ni mbovu. Nikamuona anainusa kisha anaiweka kwenye kikapu.

Nitarudisha kwenye moshi. Itakuwa ngumu, nitauza kwa wachimbaji wa zahabu wa Kilo. Wale wana meno.

Sijuti. Naandika tena: sijuti. Lakini neno lile la Mama Zawadi linanirudia nikifagia, nikifunga kilemba. Kwa nini weye peke yako.

Jumanne, 18 Machi

Ujumbe kwenye telefone: Alhamisi, gari ya tume ya enjeniere na gari ya askari. Nitavaa botte, viatu virefu vya matope.

Jioni Mama Zawadi alikuja kwangu. Sikumutarajia. Nilimupa kiti, akakataa, kisha akakaa. Alikuwa anataka kujua atavaa nini miguuni. Nikamwambia. Kisha akasema duka yake iliungua na sukari yote ndani, na usiku ule sukari ilinuka kama karamu, na tangu siku ile hakuna aliyeita mukutano wa maduka. Mukutano ni wa samaki. Mukutano ni wa wachimbaji. Kwa hiyo ukisikia wanauliza watu wa maji, unakuwa mutu wa maji.

Nilimuelewa. Nilimufungia samaki mbili kwenye gazeti, akachukua.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nikiwa na matope mpaka magotini. Sijanawa. Nisipoandika sasa nitaandika uongo.

Kwenye kona ya mulima, mahali ziwa inaonekana kwa mara ya kwanza, nilifunga macho. Nilitaka kuiona nikiwa chini. Mama Zawadi, mwenye alikuwa kando yangu, alishika mukono wangu na hakuachilia mpaka gari ilisimama.

Mudomoni haiko. Hakuna hata ukuta. Maji imepanda, na matete imepanda pamoja na maji, ndefu kupita mutu, mafunjo mbele yake, na ndege wengi wenye sikuwaona tangu nikiwa binti. Njia haiko. Prezida alizunguka akiita majina ya wenye nyumba, moja kwa moja, kama anafanya appel ya shule. Mapacha wa mitumbwi walikuwa hapa, alisema. Hapa kichanga.

Nilipata kwangu kwa mguu. Botte iligonga sementi: ngazi yangu ya mulango, ngazi moja, nilimwaga mwenyewe. Nikasimama juu yake, nikageukia ziwa. Matete tu. Maji ilikuwa inasikika, haikuonekana.

Furu mbili imeanguka. Iliyobaki, ile ya kwanza niliyojenga, iko wima, maji inaifikia nusu. Nikainama kutazama mahali nilikuwa natia kuni. Ilijaa vitoto vya samaki ya ngege. Vidogo kama sindano. Kivuli changu kilipoangukia maji viligeuka vyote mara moja, upande mumoja, kisha vikarudi. Vingi. Siwezi kuhesabu, mimi.

Enjeniere alifurahi kama mutu aliyepewa zawadi. Aliita wenzake waje waone. Alisema, "Miaka sita bila mutu, na imejirudisha yenyewe."

Bila mutu. Huyo mutu ni mimi. Nilikimbia nikivuta mutoto kwa mukono, sufuria kichwani, na nyuma yangu nyumba inawaka, na hiyo njo dawa ziwa ilipata. Nilitaka kumwambia. Nilimwambia. Alivua kofia yake, akasema, "Uko na haki, mama." Hakuongeza. Kama angeongeza ningemuchukia.

Kisha kazi. Walikubali kumi na tisa. Ngazi na misingi waliona wenyewe. Duara itakuwa ndogo. Kwa hiyo kila mwenye nyumba anachagua: akitaka parsele yake, kigingi kinapita upande wa maji na parsele inabaki nje ya mupaka wa kulindwa. Akiiachilia, kigingi kinapandishwa, matete inabaki na pahali pale, naye anapewa parsele juu, kando ya barabara.

Prezida alikuwa wa kwanza. Pake ni pakavu, pameinuka kidogo. Alisema anabaki. Alipiga kigingi mwenyewe. Machozi ilimutoka na hakuipangusa.

Zamu yangu.

Nilikuwa nimekuja kusema neno moja. Nimelisema kichwani miaka sita, nikigeuza samaki ya watu wengine kwenye moshi ya kuombea ruhusa. Nataka kwangu. Na pale juu ya ngazi yangu kichwa kikaanza kufanya kazi ambayo sikukituma. Ili nikae hapa, nakata matete kutoka ngazi mpaka maji, upana wa mutumbwi. Nafukia maji hii iliyopanda. Nabomoa ile furu. Nafanya hivyo mimi, kisha mapacha wanafanya, kisha wengine wote wanaochagua kama mimi. Mwaka wa kwanza tunakula. Mwaka wa tatu tunarudia nyavu ya matundu ndogo-ndogo na kugombana, vile tulikuwa tunagombana mbele ya vita, maana ukweli ni kwamba samaki ilikuwa imekwisha kupungua hata mbele hatujakimbia. Hilo hatulisemagi kwenye site. Kwenye site Mudomoni ilikuwa paradiso.

Hesabu ilikuwa rahisi na ilinichukiza.

Mama Zawadi aliona uso wangu. Alisema kwa sauti ya chini, "Baki, dada. Ni kwako. Mimi sitasema kitu." Alisema kwa moyo. Ningependelea anitukane.

Askari alikuwa anangoja na kigingi begani. Enjeniere akauliza kigingi kipite wapi.

"Pandisha juu," nikasema.

"Mama, fikiri kwanza. Tuko na wakati."

"Nimesema pandisha. Pandisha mbele sijabadilisha mawazo."

Walipandisha. Nilisikia nyundo nyuma yangu, sikugeuka. Nilikaa kwenye ngazi mpaka waliniita kwa gari.

Ijumaa, 21 Machi

Siko muzuri. Mwili unauma kama nimepigwa.

Watu wa site wamesikia. Wengine wanasema nimekuwa mutakatifu, wengine wanasema nimelipwa. Yote mbili ni uongo. Sikufanya juu ya sheria. Sheria haijui jina langu. Mimi ni mutu wa samaki, na samaki iko inazalia kwenye furu yangu. Ningeifukuza nikae wapi, niuze nini?

Lakini nimelia asubuhi yote kama mufiwa. Hiyo pia ni kweli.

Jumatano, 26 Machi

Beseni ilirudi nusu. Inatosha.

Prezida anasema kati ya kumi na tisa, saba wanataka kubaki, wengine bado wanawaza. Hakuna aliyeniuliza afanye nini na hakuna niliyemushauri. Mapacha wamegawanyika, mumoja chini, mumoja juu. Wanapigana tangu jana.

Karatasi ya parsele itatoka barabara ikitulia. Walinionyesha kwenye karte. Ni kando ya mahali pa duka ya Mama Zawadi. Aliposikia alisema nisilete furu upande wake, sukari inashika harufu. Nikamwambia atahamisha sukari nyuma ya choo. Tulicheka mpaka watu wa meza nyingine waligeuka.

Jumapili, 30 Machi

Mvua kubwa tangu mchana. Niliingiza samaki ndani, nikaifunika na bashi. Nyumba yote inanuka moshi na udongo.

Dieumerci amekuja, amelowa. Alikula. Kisha akauliza, bila kunitazama, kama kutoka parsele ya juu ziwa inaonekana. Nikamwambia inaonekana vizuri. Maji yote. Mudomo pia, kama matete haijapanda sana. Akauliza barabara inakuwa muzuri mwezi gani. Nikamwambia mwezi wa saba. Akasema moto yake inaweza kubeba wawili mpaka kule, polepole.

Sasa amelala kwenye kiti, viatu miguuni. Mvua inaendelea. Kule chini muto umejaa, unaingia ziwani na matope yake yote, hakuna anayetazama.